Mradi Ukiisha

Siku tuliyomzika mumewe, Bi Nanjedia alinivuta kanzu,
udongo ungali viganjani mwake:
"Mwinjilisti, hiyo fadhili uliyosoma,
inayonifuata siku zote,
ndiyo ya wafadhili?
Maana wale wa kisima walikuja,
wakapiga picha na ndoo zetu,
mradi ukaisha, wakaondoka na pampu."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Nikasema nitamjibu.
Ulikuwa mwezi wa tano, mikorosho haijachanua.

Sasa ni Novemba, fedha ya mnada wa pili imeingia,
makato yamekwisha kukatwa,
nami nimekaa Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu,
kwa kuwa hapa ndipo mtandao unapopanda,
ingawa ukizembea simu inaruka bonde,
inavuka Ruvuma,
na Msumbiji inakukaribisha kwa Kireno.

Vyuo vitatu viko kiganjani.

Cha kwanza kinaahidi Kigiriki na Kiebrania kwa wiki nane.
Hukariri kitu. Unabonyeza neno
linafunguka kama boksi la zawadi,
maana imo, mzizi umo, hata matamshi yamo.
Skolastika, mke wangu, alichungulia begani:
"Na siku tusiyo na bando?"

Cha pili kina jina, kina muhuri, askofu anakijua.
Darasa ni la ana kwa ana kwenye kioo,
saa tisa usiku kwa saa zetu,
na ada yake ni korosho za misimu minne
pamoja na mbuzi wa Skolastika, ambao sijamwambia.
Wanasema upo ufadhili.
Fomu ina kurasa kumi na moja; ukurasa wa saba unadai:
Eleza matokeo yanayopimika.
Bi Nanjedia, nikuandike kwenye kisanduku kipi?

Cha tatu ni mzee mmoja na sauti yake iliyorekodiwa.
Jogoo anasikika nyuma.
Miaka mitatu, Kiebrania kwanza, karatasi za kuchapa,
na katika somo la utangulizi anasema:
"Utakuwa mjinga kwa muda mrefu. Zoea."
Cheti hakuna. Askofu atakiuliza.

Juzi niliipeleka karatasi ya majaribio
kwa jirani yangu, Maalim Hamdani Likapa.
Herufi hakuzijua, lakini kidole chake
kilianzia kulia bila kuelekezwa.
"Irabu ziko wapi?"
"Anazileta msomaji."
"Basi kama kwetu. Watoto hulia miezi miwili, halafu wanaona."

Nikamtajia sauti: d, m.
"Damu," akasema.
N, f, sh.
"Nafsi!" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Tulitazamana kama watu waliokutana msibani
wakagundua bibi yao ni mmoja.

Ndipo nikamtolea ile niliyoibeba tangu makaburini,
fadhili: h, s, d.
Maalim akakunja uso.
"Hiyo kwetu ni husuda."

Tulirudia mara tatu. Husuda.
Akamimina chai, akasema taratibu:
"Ndugu hufanana sura, mwinjilisti.
Tabia, mpaka ukae nao."

Nikatoka hapo nimeshachagua.

Leo nimelipa cha tatu, shilingi zilizobaki ni za salfa,
kisha nimepita kwa Bi Nanjedia, anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Nimemwambia jibu bado. Nimemwambia miaka mitatu.
Nimeona aibu kuitamka kwa mtu wa miaka sabini na sita.

Hakuinua kichwa.
"Kile kisima walikichimba wiki nane," akasema.
"Wewe chelewa.
Ila usihame."